Shokapu

"Shokapu za nyuma zimelala," fundi alimwambia dereva wa bodaboda, akachukua spana ya ndoano na kuizungusha ile pete yenye vidato chini ya springi. Tak, tak. Vidato viwili kulia, viwili kushoto. Zisipolingana, pikipiki hukosa utulivu kwenye kona.

Wazee walisema shokomzoba, neno refu. Mtaani husema shokapu, neno fupi lenye shoka ndani yake ingawa halikati kitu, nami nalipenda hivyo. Ila jina moja linaficha kazi mbili: springi hubeba mzigo, oili iliyomo ndani huizuia isidundedunde. Pete hugusa springi tu. Kwa hiyo anayesema "kaza shokapu" kumbe anakaza springi, na pikipiki inayodunda kila tuta kwa sababu oili imevuja haitapona kwa spana. Mbele ni vilevile: oili ikichoka, ukishika breki pua inazama ghafla na tairi la nyuma linaweza kupoteza mshiko.

Msomaji, ukifika kwa fundi mwambie pia unabeba nini. Kidato cha mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, si cha dereva peke yake.