Santuri Moja, Masikio Mengi

Santuri ya zamani, ile nzito iliyozunguka mara 78 kwa dakika, haikuwa na subira. Upande mmoja wa santuri kubwa ya inchi 12 ulichukua dakika nne na kitu, tano kwa shida, na muziki wowote uliozidi hapo ulikatwa. Wimbo wa mahaba uliweza kuishi ndani ya kipimo hicho, na kipande cha densi kadhalika. Lakini utungo wa Beethoven wa fidla mbili, viola na selo, ambao hudumu nusu saa na zaidi, uliingia katika chumba cha kurekodia kama mbuzi aingiavyo machinjioni: ulitoka vipande vipande, na baadhi ya vipande havikutoka kabisa. Makampuni hayakuona haya kuuza fungu moja la utungo wenye mafungu manne na kuyaacha mengine, maana hesabu ya duka ndivyo ilivyosema.

Walioikataa hesabu hiyo walikuwa wanunuzi wenyewe. Mwezi wa Aprili 1923 mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Compton Mackenzie, akishirikiana na shemeji yake Christopher Stone, alianzisha jarida la The Gramophone kwa ajili ya watu waliosikiliza muziki majumbani mwao. Katika miaka hiyo Mackenzie alikuwa mkaazi wa visiwa vidogo vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa, kwanza Herm, kisha Jethou. Huenda ilihitaji mtu wa kisiwani kulifahamu jambo hili, kwamba asiyeweza kwenda kwenye kumbi za London kila wiki ataishi kwa kile kiletwacho na mashua, na kikiletwa nusu atakuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 1924 malalamiko yalizaa chama, National Gramophonic Society, ambacho wanachama wake walilipa mapema ili tungo za vikundi vidogo zirekodiwe kamili, bila kukatwa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa utungo wa kumi wa Beethoven wa nyuzi nne, uitwao wa Kinubi, uliopigwa na kikundi cha Spencer Dyke. Chama hicho hicho kilimpa nafasi kijana aliyekuwa hajulikani bado kama kiongozi wa okestra, John Barbirolli.

Ikumbukwe kwamba wengi wa wanachama hawa hawakuwa matajiri. Santuri ilikuwa ghali, na utungo mmoja kamili ulihitaji santuri nne au tano. Ndiyo sababu mtu mmoja alinunua, na kumi wakasikiliza. Katika miji midogo ya Uingereza zikazuka jumuiya za gramafoni: watu hukutana usiku mmoja wa wiki katika ukumbi wa kukodi, mwanachama mmoja huleta santuri zake, huzipanga kwa mpango alioufikiria, hueleza maneno machache, kisha hunyamaza na kuzungusha mkono wa mashine. Kufikia mwaka 1936 jumuiya hizo zilikuwa nyingi kiasi cha kuunda shirikisho la taifa zima. Ugomvi wao haukukosa kuchekesha. Walibishana juu ya sindano: za chuma zilitoa sauti kubwa lakini zilikwaruza mifereji ya santuri, za mwanzi zilikuwa pole lakini zilichoka upesi na kuhitaji kuchongwa upya. Wapo walioagiza gramafoni za EMG, zilizotengenezwa kwa mikono, zenye mdomo mkubwa wa karatasi ngumu uliojaza pembe nzima ya chumba, hata pasibaki mahali pa kuweka kiti cha mgeni. Huo nao ni aina ya ukarimu uliopotea njia.

Halafu ikaja dhiki ya uchumi. Mwaka 1931 makampuni mawili makubwa ya santuri ya Uingereza yaliungana na kuwa EMI, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kurekodi muziki wa wachache. Hapo ndipo alipojitokeza Walter Legge, kijana wa miaka 25, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kujifundisha mwenyewe kusoma noti na lugha ya Kijerumani. Legge alishauri kwamba kampuni isibahatishe tena: wasikilizaji watangaziwe kazi ambayo bado haijarekodiwa, watoe ahadi na fedha, na idadi ikitimia ndipo waimbaji waitwe. Jaribio la kwanza lilikuwa nyimbo za Hugo Wolf, mtunzi ambaye hata Waingereza wapenda muziki walimjua kwa jina tu. Walitakiwa wanachama mia tano, nao wakapatikana. Elena Gerhardt akaimba santuri za kwanza. Kwa njia hiyo hiyo, kati ya 1932 na 1935, Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 za Beethoven za piano, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote kabla yake.

Katika wanachama mia tano wa Hugo Wolf, zaidi ya mia moja walikuwa Japani. Watu walio mbali na Vienna kwa safari ya wiki kadhaa za meli, ambao wengi wao hawakupata kumwona mwimbaji wa Kijerumani kwa macho, ndio walioikamilisha idadi. Bila ya wao, huenda santuri zile zisingetoka.

Japani ya wakati huo ilikuwa na wakusanyaji wake mashuhuri. Nomura Kodo, mwandishi wa visa vya mpelelezi Zenigata Heiji vilivyoanza mwaka 1931 na kufikia karibu mia nne, aliandika kwa jina jingine, Araebisu, juu ya santuri na namna ya kuzisikiliza. Wasomaji walizingoja makala zake kama walivyovingoja visa vyake. Lakini wasomaji wake wengi walikuwa wanafunzi na makarani, na karani hakuweza kununua sonata 32. Jawabu likapatikana mkahawani. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na mikahawa ambayo mwenyewe aliweka gramafoni nzuri na kabati la santuri, na mteja kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa alikaa saa nzima, au mbili, akiomba apigiwe alichokitaka. Mmoja wao ni Lion, katika mtaa wa Shibuya mjini Tokyo, uliofunguliwa mwaka 1926. Uliungua katika mashambulizi ya ndege ya mwaka 1945, ukajengwa upya mwaka 1950. Viti vyake vimeelekezwa upande mmoja, penye vipaza sauti vilivyosimama kama mimbari, na mazungumzo hayaruhusiwi.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atastaajabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, santuri zake zilirudi Unguja na kusikilizwa na watu wengi kwa gramafoni moja, na kunyamaza hakukuwa sharti: msikilizaji alirudia mstari, alitoa aha, alieleza fumbo lilimlenga nani. Santuri ilikuwa chanzo cha maneno. Kwa Wajapani wa Lion santuri ilikomesha maneno. Hata hivyo desturi zote mbili zilitokana na uhaba ule ule, wa chombo kimoja na masikio mengi.

Wapenzi wa jazi, kwa upande wao, hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka 1932 wanafunzi wachache wa Paris walianzisha Hot Club de France, na Hugues Panassié akawa rais wake. Mwaka uliofuata London ikapata Rhythm Club yake. Shauri lililowasumbua halikuwa la kukatwa, kwa sababu wanajazi walijifunza kuyasema yao katika dakika tatu. Shauri lilikuwa la majina. Karatasi ya katikati ya santuri ilitaja okestra, pengine kwa jina la kubuni, na ilikaa kimya juu ya nani hasa aliyepiga tarumbeta. Makampuni hayakujali, kwao yule alikuwa kibarua wa siku moja, na aghalabu Mweusi. Basi wakusanyaji walikaa usiku kucha wakirudia upande mmoja wa santuri, huyu akiapa kuwa ni Louis Armstrong, yule akikataa. Waliandikiana barua kuvuka bahari, wakalinganisha namba zilizochongwa karibu na kitovu cha santuri, wakagundua kwamba santuri mbili zenye jina moja zilikuwa na upigaji tofauti. Charles Delaunay, mtoto wa wachoraji Robert na Sonia Delaunay, alizikusanya habari hizo katika kitabu, Hot Discography, kilichotoka mwaka 1936. Elimu ambayo leo hufundishwa vyuoni ilianza kwa ubishi wa vijana sebuleni.

Mjini New York makutano yao yalikuwa duka. Milt Gabler aliligeuza duka la babake katika Mtaa wa 42, Commodore Music Shop, kuwa baraza la wapenzi wa jazi, na katikati ya miaka ya 1930 akaanza kuchapa upya santuri zilizotupwa na makampuni, akiandika juu yake majina ya wapigaji wote, mmoja mmoja. Mwaka 1938 alianza kurekodi mwenyewe. Aprili 1939 Billie Holiday alimjia na wimbo uitwao Strange Fruit, maneno ya mwalimu Abel Meeropol juu ya Weusi walionyongwa mitini na magenge ya Kusini ya Marekani. Kampuni yake, Columbia, ilikuwa imekataa kuurekodi, ikichelea hasira za wanunuzi wa Kusini. Gabler akaurekodi tarehe 20 ya mwezi ule. Wimbo ambao biashara kubwa iliuogopa ulipata nafasi kwa mwenye duka la wakusanyaji.

Si haki, hata hivyo, kuwasifu wakusanyaji na kuishia hapo. Wengi wao walikuwa vijana Weupe waliopita nyumba hadi nyumba katika mitaa ya Weusi wakinunua santuri kuukuu kwa senti chache, na faida ya baadaye, ya fedha au ya sifa, haikurudi kwenye nyumba zile. Tena walipenda hadithi kuliko ilivyofaa. Walipomtafuta mpiga tarumbeta wa kale Bunk Johnson, walimkuta New Iberia, Louisiana, hana tarumbeta wala meno. Walichanga, wakamnunulia tarumbeta. Meno akatengenezewa na Leonard Bechet, daktari, ndugu wa mwanajazi Sidney Bechet. Mwaka 1942 akarekodi. Wafadhili wake walikuwa na kiu ya kusikia habari za Buddy Bolden na New Orleans ya mwanzo, na mzee aliwanywesha: alijiongezea umri, kwa hisabu ya watafiti wa baadaye, yapata miaka kumi, ili apate kuwapo mahali walipomtaka awepo. Ni vigumu kumlaumu. Mgeni amekuja na meno mapya mkononi, anaomba hadithi, nani angemnyima?

Japani nako jazi ilipata mikahawa yake. Chigusa, katika mji wa bandari wa Yokohama, ulifunguliwa na Yoshida Mamoru mwaka 1933, naye kijana wa miaka kama ishirini. Mwaka 1943 serikali ilipiga marufuku muziki wa Marekani na Uingereza, ikatoa orodha ya nyimbo zipatazo elfu moja. Tarehe 29 Mei 1945 ndege za Marekani ziliichoma Yokohama, na santuri za Marekani alizozikusanya Yoshida zikaungua humo. Baada ya vita alianza tena kwa santuri za kuchangiwa na rafiki zake, na zile zilizotoka kwa askari wa Marekani waliokuja na V-Disc zao, yaani santuri zilizochapwa kwa ajili ya jeshi. Mkahawa uliishi kuliko mwenyewe, aliyefariki mwaka 1994. Ulifungwa 2007, ukafunguliwa tena na wapenzi wake 2012, ukafungwa tena 2022 ili jengo lijengwe upya.

Miongoni mwa waliokaa katika viti vya Chigusa baada ya vita alikuwamo Akiyoshi Toshiko. Alizaliwa Manchuria mwaka 1929, akasomeshwa piano ya Kizungu, na vita vilipokwisha familia yake ilirudi Japani mikono mitupu, ikakaa Beppu. Huko mkusanyaji mmoja wa santuri alimpigia Sweet Lorraine ya Teddy Wilson. Binti aliyelelewa kwa noti za Ulaya aliisikia piano ikisema lugha nyingine kwa vidole vile vile, akataka kuijua. Hapakuwa na mwalimu wala kitabu. Akawa anakwenda mkahawani, akaomba santuri moja irudiwe, tena na tena, huku akiandika alichokisikia, kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa. Mwaka 1956 alikwenda Boston kusoma katika chuo cha Berklee, na baadaye akaongoza okestra yake mwenyewe, iliyopiga tungo zake mwenyewe.