Mshono, Gundi na Subira

Umepata kujiuliza, ewe msomaji, ni kitu gani kizuiacho mbao za chombo zisiachane katikati ya bahari? Swali hili ni la zamani, na wazee wa pwani yetu walilijibu kwa kamba. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 baada ya Kristo, chataja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni uliendeleza desturi hiyo: mbao zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mshono huo ukawa ndio uhai wa chombo. Baadaye misumari ilishika mahali pa kamba, na katika karne ya 20 mtepe ukaacha kuundwa.

Gundi nayo ni ya kale, lakini haikuaminiwa baharini. Gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa hushika vyema viti na makabati, bali ikilowa hulegea. Gundi ya maziwa huvumilia maji zaidi kidogo, lakini penye unyevu huota ukungu ikaoza. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kemia walitengeneza gundi mpya ambazo, zikiisha kukauka, hazirudi kuwa laini kwa maji. Zilipata sifa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika ndege ya mbao ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940. Gundi ya maziwa iliyotumika mwanzoni iliziachia nafasi.

Baada ya vita, ufundi huo uliingia majumbani. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la London lilitangaza mashua ndogo ya mita 3.3, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell, ili mtu wa kawaida aiunde mwenyewe. Nawe utastaajabu kusikia kwamba kazi yake huanza kwa kushona! Vipande vya plaiwudi hutobolewa kandokando na kufungwa kwa waya wa shaba. Kisha viungo hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo uliolowanishwa gundi. Gundi ikikauka, waya hukatwa. Mashua zaidi ya 70,000 zimeundwa. Mshono wa mtepe ulikuwa kiungo chenyewe. Mshono huu ni kibano tu, mkono wa kushikilia mpaka gundi ishike.

Hapo ndipo penye fundisho. Gundi nyingi hudai mbao zigusane sawasawa, ndiyo maana fundi hupanga vibano toka mwisho hadi mwisho. Lakini akiikaza mno gundi ya epoksi, huikamua yote nje, kiungo kikabaki kikavu. Tena akifungua vibano mapema, ubao uliopindwa hutaka kunyooka, nao hukibandua kiungo kabla hakijakomaa. Hutaliona kosa hilo nchi kavu, kwa kuwa rangi hulificha. Mawimbi ndiyo yatakayolifichua, siku ambayo ndani ya mashua mna watu.

Basi fundi wa mtepe na fundi wa plaiwudi, ijapokuwa hawakuonana, walidaiwa jambo moja: kutofanya haraka mahali ambapo jicho la abiria halifiki.