Vialama Juu ya Herufi: Kiswahili Hakivihitaji, na Kifipa Je?

Mtu aliyezoea Kiswahili akifunua kitabu cha Kifaransa au cha Kivietinamu hushangaa kuona herufi zimevikwa kofia, mikia na vitone. Huenda akadhani ni mapambo. Kumbe vina kisa, na vilivyo vya kale zaidi vililetwa kwa ajili ya mgeni.

Wayunani waliandika kwa karne nyingi bila alama hizo, maana aliyezaliwa na lugha hakuhitaji kuonyeshwa mahali pa kupandisha sauti. Kiyunani kilipoenea Misri na Asia, wasomaji wageni wakawa wengi. Yasemekana Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, ndiye aliyezibuni yapata mwaka 200 kabla ya Kristo. Zilidumu hata baada ya matamshi yenyewe kubadilika, mpaka mwaka 1982 serikali ya Ugiriki ilipozipunguza na kubakiza moja tu ya mkazo.

Kwa Waarabu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Misahafu ya kwanza haikuwa na irabu. Uislamu ulipowafikia wasio Waarabu, makosa ya kusoma yalizidi. Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya 7, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutia vitone vya irabu. Karne iliyofuata al-Khalil bin Ahmad akaleta fataha, kasra na dhuma.

Wazee wa pwani yetu waliandika Kiswahili kwa hati hiyo. Lakini alama hizo ni tatu, na irabu zetu ni tano. Hivyo dhuma moja ilibeba "u" na "o", na neno "mtu" likafanana na "mto". Mswahili hakusumbuka, kwani alijua kwamba kinachovukwa kwa mtumbwi si mtu. Mgeni ndiye aliyehangaika.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini, ambazo zina irabu tano kamili. Mkazo nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi alama ya nini? Tumebaki na ritifaa ya "ng'ombe" tu, pamoja na fumbo moja la "barabara": ile ya kupita magari, na ile ya kusema kazi imefanyika sawasawa, ambayo mkazo wake husogea mbele. Twaziandika sawa, na hakuna aliyepotea njia.

Jirani zetu Wakikuyu wana irabu saba, kwa hiyo huandika ĩ na ũ, kama katika jina la Ngũgĩ. Mashine nyingi za kuchapa hazikuwa na kialama hicho. Sisi tuliofanya kazi za masijala twajua kwamba kisichokuwamo katika mashine hakiingii katika faili.

Sasa tuje kwetu. Kifipa ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi katika maana. Lakini wengi wetu tulijifunza kusoma kwa Kiswahili, tukazitumia herufi zile zile tupu kuandikia Kifipa katika barua za nyumbani. Mzee wa Ilemba akisomewa barua hiyo hukosi kumwona akielewa, kwa maana sauti anayo tayari kichwani. Mjukuu wake aliyekulia Dodoma au Dar es Salaam hanayo. Huyo ndiye mgeni wa leo, na ni wa damu yetu.

Nasikia furaha kuona vijana wakiandika hadithi na majina ya mababu kutoka kwa wazee wa Bonde la Rukwa na wa juu ya Lyamba lya Mfipa. Ombi langu ni dogo: wanapoandika, waweke kistari juu ya irabu pale sauti inapopanda, kisha wamsomee mzee mwenyewe awasahihishe. Kompyuta na hata simu ya mkononi siku hizi zinaandika á bila taabu, na penseli haijawahi kushindwa.