Mfereji Haumo Kwenye Ramani

Kutoka Iten, mita kama 2,400 juu ya bahari, tulishuka Bonde la Kerio breki zikinuka, kisha tukafuata vumbi kuelekea kaskazini chini ya ukuta wa Elgeyo: Arror, Chesongoch, Tot. Ramani ya simu ilionyesha mstari mmoja tu, ungedhani ni pori tupu.

Karibu na Tot nikabeba baiskeli kuvuka mfereji, kiatu kikabomoa ukingo. Mzee mmoja akaniita.

“Kijana, hayo maji unayomwaga ni zamu ya mtu.”

Nikajaza mawe na udongo, yeye akiniangalia tu, mpaka maji yakarudi njia yake.

Wamarakwet walikuwa wameshachimba mifereji hii muda mrefu kabla Joseph Thomson hajapita pande hizi 1883. Huko juu mto unazuiwa kwa magogo, mawe na matawi, halafu maji yanatembezwa ubavuni mwa mlima hadi mashamba ya wimbi na mtama. Mifereji ni ya koo, zamu mchana na usiku. Kuchimba ni kazi ya wanaume. Wanawake kwa mila hawakuruhusiwa kuifanya, na hilo mimi silisifu.

Kile kijia laini tulichokipiga picha basi kilikuwa ukingo wenyewe, umeshindiliwa na nyayo za warekebishaji.

Nilikuwa nimeahidi kuwatumia wenzangu wa Nairobi njia nzima. Niliwatumia, lakini kipande cha Tot nilikifuta. Magurudumu hamsini yangeumaliza ule ukingo kwa asubuhi moja.