Fremu ya Chuma ya Baiskeli ya Milimani (Gisenyi)

Fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani inayozungumziwa hapa ni kiunzi cha mabomba ya feleji chenye kubeba shokapu mbele tu. Nyuma, ekseli ya gurudumu hukaa moja kwa moja kwenye fremu, bila springi wala kiungo kinachocheza. Ndiyo sababu makala hii inaita chombo kizima baiskeli ya shokapu moja. Kinachoelezwa hapa ni namna ya kuchagua fremu mpya ya aina hiyo kwa mwendeshaji wa Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu, ambao na Goma ya Kongo ni pua na mdomo. Mjini humo chombo chenyewe kina majina kadiri ya msemaji: kwa Kinyarwanda ni igare, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka ni kinga, na Kiswahili cha vitabuni, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, husema baiskeli.

Njia na watu wake

Gisenyi ndiko inakoanzia Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 inayofuata ukingo wa mashariki wa Kivu hadi Rusizi, ikipita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Waendao kwa miguu huhesabu siku 10 hivi, wa baiskeli siku 5. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Anayedhani kwamba njia ya kando ya ziwa ni tambarare atajuta kabla hajafika kituo cha Kinunu njiani: kila ghuba ina kilima chake, unapanda hadi roho iko kooni, unateremka hadi unasikia maji, kisha unaanza upya. Karibu na mji ardhi ni ya volkano, mawe meusi yenye makali. Kusini zaidi inageuka udongo mwekundu wa mfinyanzi, na kati ya Machi na Mei, au mvua za Septemba hadi Desemba, udongo huo hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kipimo cha kwanza cha fremu ya huku kwa hiyo si uzito. Ni nafasi: kidole kizima kipite kila upande wa tairi, na bado kibaki na pa kuchezea.

Chuma si peke yake kinachobeba mizigo katika mji huu na jirani yake. Kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedeli, kinachoshusha magunia ya viazi na mkaa kutoka vilimani hadi sokoni, na ambacho Goma imekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Chukudu ikivunjika, aliyeichonga huchonga kipande kingine. Jambo hilo lina uhusiano mkubwa na fremu ya chuma kuliko linavyoonekana, na tutalirudia.

Mwaka 2005 Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa California waliounga fremu za baiskeli za milimani za mwanzo kabisa mwishoni mwa miaka ya 1970, alizuru Rwanda, akaziona baiskeli za mbao, kisha akaanzisha Project Rwanda. Mradi huo ulileta baiskeli yenye mgongo mrefu wa kupakilia kahawa, kwa kuwa buni mbichi ikichelewa kufika kiwandani hupoteza ubora. Katika vuguvugu hilo hilo ilizaliwa timu ya mbio za baiskeli, Team Rwanda, chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Matunda yake yalionekana London 2012: Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya taifa kwenye Olimpiki na kumaliza wa 39 katika mbio za baiskeli za milimani. Rio 2016 ikawa zamu ya Nathan Byukusenge. Baadaye macho ya taifa yalihamia barabarani, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kwa nini chuma

Wauzaji hukisifu chuma kwa kusema kinalainisha njia. Sifa hiyo imetiwa chumvi. Tairi la upana wa inchi 2.4 lenye upepo wa kiasi hulainisha mawe ya Rubavu kuliko bomba lolote la fremu, liwe la chuma, la alumini au la kaboni. Kwa uzito chuma hushindwa wazi: fremu nzuri ya shokapu moja huwa na kilo 2.3 hadi 3, na ya alumini ya kiwango hicho hicho huwa pungufu kwa nusu kilo au zaidi. Feleji ina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini 2.7. Lakini feleji pia ni ngumu kupinda karibu mara tatu ya alumini, ndipo mabomba yake yakaweza kuwa membamba na kuta zake kuwa nyembamba kama kadi.

Sababu za kweli ni mbili. Ya kwanza ni uchovu wa metali. Chuma kikipata mtikisiko ulio chini ya kiwango fulani huweza kuuvumilia mara zisizo na hesabu. Alumini haina kiwango hicho, kila pigo linaandikwa kwenye daftari lake, na siku moja deni hudaiwa. Tena chuma hubonyea na kupinda kabla ya kukatika. Rangi inapasuka, mstari wa kutu unajitokeza kwenye kiungo, mwenye macho anashuka na kusukuma. Kaboni haina adabu hiyo.

Sababu ya pili ni fundi, kama ilivyo kwa chukudu na mchongaji wake, na hapa pana maneno mengi yasiyo sahihi. Husemwa kwamba fremu ya chuma hurekebishwa na mchomeleaji yeyote wa kijijini. Nusu yake ni kweli. Baiskeli nyeusi nzito za abanyonzi, vijana wanaobeba abiria na mizigo, zimetengenezwa kwa mabomba manene, nazo huchomelewa asubuhi na jioni huwa kazini. Fremu ya kisasa ya milimani si jamii hiyo. Bomba lake huwa na unene wa milimita 0.8 miishoni na 0.5 katikati, au karibu na hapo. Mashine ya kuchomelea ya fimbo, ile iliyozoea madirisha na mageti, hutoboa bomba hilo kabla fundi hajakaa sawa. Anayehitajika ni fundi wa gesi, anayelehemu kwa shaba ya manjano kwa moto wa nyuzi 900 hivi, mkono mwepesi na subira. Kabla ya kununua fremu ya chuma kwa sababu "itatengenezeka," mtafute huyo fundi kwanza, umwone akifanya kazi. Usipompata Gisenyi wala Goma, sababu yako ya pili imekufa, na imebaki ile ya kwanza.

Aina za feleji

Bei hutofautiana sana, na majina yaliyobandikwa kwenye bomba ndiyo huuza. Ya chini ni feleji ya kaboni ya kawaida, nzito, ambayo haifai kununuliwa mpya kwa njia za milimani. Juu yake ni kromoli, feleji yenye kromiamu kiasi cha asilimia 1 na molibdeni kidogo, inayojulikana kwa namba 4130. Reynolds ya Birmingham, iliyoanza kutoa mabomba yenye unene tofauti mwishoni na katikati tangu mwaka 1898, huuza kromoli ya kawaida kwa namba 520 na 525. Namba 725 ni kromoli iliyopikwa kiwandani ili ipate nguvu zaidi. 853, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, hujikaza yenyewe inapopoa hewani baada ya kuchomelewa. Columbus ya Milano ina mfululizo wake.

Mabomba yaliyopikwa huruhusu kuta nyembamba zaidi, na nusu kilo inayookolewa ndiyo inayolipiwa. Hapa uamuzi wa makala hii ni kinyume cha katalogi: kwa Rubavu, kromoli 4130 ya kawaida yenye ukuta mnene kidogo ni bora kuliko mabomba ya namba za juu. Lililopikwa kiwandani hupoteza sehemu ya nguvu yake fundi akilipasha moto upya, na ukuta mwembamba hubonyezwa na jiwe moja la lava. Fremu za jamii ya Surly Karate Monkey, iliyotoka mwaka 2002, au Kona Unit, ziko upande huu wa busara. Cotic ya Uingereza na Ritchey mwenyewe wako upande wa wepesi. Ni kazi nzuri, ila zinataka mwenyewe mwenye macho makali.

Mikao

Fremu ya shokapu moja ina tabia ambayo haimo kwenye ya shokapu mbili. Shokapu ikibonyea, mbele peke yake hushuka, na pembe ya shingo husimama zaidi wakati ule ule unapotaka ilale. Shokapu ndefu huzidisha mchezo huo. Milimita 100 hadi 120 zinatosha kwa Congo Nile Trail, na pembe ya shingo ya nyuzi 66 au 67. Fremu inayodai milimita 150 ilichorwa kwa ajili ya watu wanaopandishwa kilima na gari, kisha wanateremka.

Huku unapanda mwenyewe, pengine na begi la siku tano. Pembe ya kiti ya nyuzi 74 au 75 humweka mpandaji juu ya krenki badala ya nyuma yake. Mabomba ya nyuma yenye urefu wa milimita 430 hadi 445 huzuia gurudumu la mbele lisinyanyuke kwenye mwinuko. Saizi isipimwe kwa bomba la kiti, desturi iliyobaki kutoka enzi za baiskeli nyeusi. Hupimwa umbali wa mlalo kutoka katikati ya krenki hadi juu ya shingo. Kwa mtu wa mita 1.70, milimita 430 hadi 450 ni pa kuanzia.

Onyo moja kwa wanaopenda mitumba: fremu za chuma za miaka ya 1990 ni imara na hupatikana kwa bei rahisi, lakini zilichorwa kwa foko fupi. Kila milimita 20 unazoongeza mbele hulaza shingo kwa nyuzi 1 hivi. Ukitia shokapu ya kisasa ndefu, umepata baiskeli inayotangatanga kama mlevi.

Viungo na vipuri

Sehemu hii ndiyo ingepaswa kusomwa kwanza, kwa kuwa fremu huishi miaka 20 na vipuri miaka 2. Nyumba ya krenki iwe ya uzi, upana wa milimita 73. Bakuli zake hufunguliwa kwa spana, ila kumbuka la kulia hufunguka kinyume. Zile zinazoshindiliwa bila uzi hulia baada ya msimu mmoja wa matope na hutaka chombo maalumu cha kuzitoa. Waya za breki na gia zipite nje ya mabomba, sio ndani. Mtindo wa kuzificha ni wa picha za magazeti. Waya ikikatika kando ya njia huko Rutsiro, ya nje hubadilishwa ukiwa umekaa kwenye jiwe.

Sikio la gia, yaani kipande kinachoshika gia ya nyuma, kwenye fremu kadhaa za chuma ni sehemu ya fremu yenyewe. Likipinda, hunyooshwa kwa mkono na jicho. Kama ni la kufungua, nunua mawili ya akiba siku ile ile unayonunua fremu.

Magurudumu ni suala la uchungu. Tairi za inchi 26, za ringi ya milimita 559, ndizo zilizojaa maduka ya Afrika Mashariki, lakini fremu mpya kwa ukubwa huo karibu zimetoweka. Zilizopo ni za inchi 29, ringi ya milimita 622, au 27.5, ringi ya 584. Chagua 29: ringi yake ni kipenyo kile kile cha baiskeli za mbio, na katika nchi ya mbio za barabarani za Tour du Rwanda kipenyo hicho hakikosi wenyewe. Isichanganywe na 28 ya baiskeli nyeusi, ambayo ni milimita 635 na haiingiliani. Tyubu ya 26 huweza kunyooshwa ndani ya tairi la 29 kukufikisha nyumbani. Tairi la akiba, hata hivyo, libebe mwenyewe.

Mwisho, matundu ya kufungia keria. Fremu nyingi za michezo hazina. Mjini Gisenyi baiskeli isiyo na keria huulizwa ni ya kazi gani, na swali hilo ni la haki.

Kutu

Maji ya Kivu ni baridi, hayana chumvi ya pwani, kwa hiyo fremu ya Gisenyi haiozi kwa kasi ya ile ya Mombasa au Unguja. Adui hapa ni mvua inayoingia kupitia bomba la kiti na kutuama chini. Fremu ikifika, kabla haijafungwa kifaa chochote, imiminiwe mafuta ya kitani ndani ya kila bomba, igeuzwe geuzwe, iachwe siku mbili ikauke. Kisha ipindue utazame chini ya nyumba ya krenki: pawe na tundu dogo la kutolea maji. Kama halipo, mpelekee fundi alitoboe siku hiyo hiyo.