Nani Aliyesema Wimbo Huu Unachezeka?

Mwaka 1972 Cameroon iliandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpiga saksafoni aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, akatoa santuri yenye wimbo wa kuisifu michuano hiyo. Wenyeji waliishia nafasi ya tatu na wimbo wao ukasahaulika. Upande wa pili wa santuri, ule wa kujaziliza, kulikuwa na “Soul Makossa”. Nakala chache zilivuka bahari hadi New York, na moja ikaangukia mikononi mwa David Mancuso katika duka la santuri la watu wa Karibi huko Brooklyn. Mancuso alikuwa akiandaa dansi nyumbani kwake, nambari 647 Broadway, tangu Februari 1970, na wenyewe walipaita Loft. Akaipiga pale. Ma-DJ waliokuwa wamekuja kucheza wakatoka wakiisaka, Frankie Crocker wa redio ya WBLS akaipeleka hewani, na madukani ikawa haipatikani kwa bei yoyote. Bendi za Marekani zikakimbilia kuirekodi upya ili ziwauzie watu walioikosa ya mwenyewe. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki za kuitoa, na katikati ya 1973 wimbo uliozaliwa kwa ajili ya mpira wa miguu ukafika nafasi ya 35 kwenye orodha ya Billboard.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya sikio la Mancuso. Sikio lake lilikuwa zuri, sikatai. Lakini aliyeiagiza santuri ile Brooklyn naye alikuwa na masikio, na wateja wake pia, na bado wimbo haukwenda popote mpaka ulipopigwa mbele ya watu waliokuwa wamesimama tayari kucheza, wakacheza. Ninachodai hapa ni kwamba katika historia ya muziki wa dansi wa mitambo, tangu disko hadi hausi na tekno, pendekezo lililoaminika lilikuwa la mtu aliyelazimika kulithibitisha hadharani, na ambaye akikosea aliadhibiwa papo hapo kwa kuona uwanja ukibaki mtupu. Magazeti, orodha, redio na maduka vilikuwa makarani wa uwanja ule. Viliandika hukumu iliyokwisha kutolewa, na kila vilipojaribu kuitoa vyenyewe vilipotoka.

Ushahidi wa kwanza ni jinsi ma-DJ wa New York walivyojipanga wenyewe. Baada ya “Soul Makossa” kampuni za kurekodi zilitambua kwamba klabu zinaweza kuuza wimbo ambao redio imeukataa, kwa hiyo zikaanza kugawa santuri za bure. Zilizigawa kwa upendeleo. DJ wa ukumbi wenye jina alipokelewa, wa ukumbi wa mtaani alisubirishwa mlangoni na kurudi mikono mitupu, na wote walitembea ofisi hadi ofisi kama waomba fadhila. Juni 1975 Mancuso, Steve D’Acquisto na Paul Casella wakaanzisha chama chenye ofisi palepale Mancuso alipohamishia dansi zake, nambari 99 Prince Street. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kampuni inaleta santuri mahali pamoja, kila mwanachama anapata nakala yake bila kuulizwa ukumbi wake ni mkubwa kiasi gani, naye analipa ada na kurudisha fomu inayoeleza maoni yake na namna wachezaji walivyoipokea kila santuri. Hiyo fomu ndiyo moyo wa jambo. Kampuni haikuuliza tu kama DJ ameupenda wimbo, ilitaka kujua pia uwanja ulifanya nini. Kwa mara ya kwanza pendekezo la muziki wa dansi likawa na utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ukaigwa katika miji mingine ya Marekani kabla hata muongo haujaisha. Judy Weinstein, aliyefanya kazi kwenye chama kile, alianzisha cha kwake mwaka 1978.

Tukiwageukia waandishi, tunakuta mambo yaleyale. Vince Aletti, aliyewaeleza wasomaji wa Rolling Stone habari za dansi hizi Septemba 1973, alianza safu ya kila wiki katika jarida la Record World mwishoni mwa 1974. Angeweza kujaza ukurasa kwa maoni yake, maana alijua kuandika. Badala yake alichapisha orodha za nyimbo za ma-DJ, na kila orodha ilibeba jina la DJ na la ukumbi anaopigia. Msomaji aliambiwa nyimbo hizi zimepita mtihani wapi, na kama alitaka kuhakikisha angeweza kwenda Ijumaa akasimama ndani ya ushahidi. Tom Moulton, aliyekuwa na safu yake Billboard tangu 1974, hakuwa DJ kabisa, ila kazi yake yote ilianza kwa kutazama watu. Huko Fire Island aliwaona wachezaji wakiondoka uwanjani kila wimbo wa dakika tatu ulipokatika wakati wao ndiyo kwanza damu inachemka, akaenda kuunganisha nyimbo kwenye tepu ili wasipate nafasi ya kuondoka. Kutoka hapo akafikia kurefusha nyimbo zenyewe studioni. Uingereza, James Hamilton wa Record Mirror, ambaye mwenyewe alikuwa DJ, aliwapimia wasomaji wake mapigo ya kila wimbo kwa dakika na kuyachapa kando ya jina. Tarakimu ile haimsaidii mtu anayesikiliza kitini. Inamsaidia anayetaka kuunganisha wimbo mmoja na mwingine bila miguu ya watu kukwaa.

Maduka nayo yalijifunza kusoma uwanja. Vinylmania ilifunguliwa mtaa wa Carmine mwaka 1978, karibu na Paradise Garage, ukumbi ambao Larry Levan aliutawala mpaka ulipofungwa 1987. Watu walitoka Garage asubuhi wakaingia dukani kuulizia kitu walichokisikia usiku, na ni maswali hayo yaliyoamua duka liweke nini rafuni. Chicago, wauzaji wa duka la Importes Etc. walifanya hivyohivyo kwa nyimbo alizopiga Frankie Knuckles katika ukumbi wa Warehouse: waliziwekea kibao kwamba ndizo zinazopigwa kule, basi. Hakuna sifa iliyoongezwa, wala haikuhitajika.

Hapa mtu makini atauliza: je, uwanja si mhafidhina? Watu wanaocheza hupenda wanachokijua, na kama hukumu ni yao, kitu kipya kitapitia wapi? Swali ni zuri, na historia inalo jibu lenye majina. Mwaka 1981 Levan alianza kuipiga “Heartbeat” ya Taana Gardner pale Garage, wimbo wa polepole mno kwa desturi ya wakati ule. Uwanja ulikimbiwa. Akarudia wiki baada ya wiki mpaka watu wakawa wanakimbilia uwanjani pale walipokuwa wakikimbia. Katikati ya muongo huohuo, vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, walimpelekea Ron Hardy wa ukumbi wa Music Box tepu ya sauti waliyoipata kwa kuchezea vitufe vya TB-303, mashine ambayo Roland ya Japani iliitengeneza kuwapa wapiga gitaa besi ya kufanyia mazoezi na ikaacha kuiunda kwa kukosa wanunuzi. Inasimuliwa kwamba Hardy aliipiga mara nne usiku mmoja. Mara ya kwanza watu waliondoka, mara ya nne ukumbi uliwaka. Tepu ikaenea mkono kwa mkono ikiwa na jina la Hardy badala ya la walioitunga, na ilipotoka kwenye santuri mwaka 1987 kama “Acid Tracks” wachezaji wa Chicago walikuwa wakiijua zamani. Kwa hiyo uwanja unaweza kufundishwa, ila anayefundisha anatumia mtaji wake mwenyewe. Levan na Hardy walikuwa na imani waliyoichuma kwa miaka, nao waliihatarisha mbele ya watu. Mhakiki anayesifu wimbo ambao hakuna atakayeucheza hapotezi hata kiti chake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama kazi hii ilikuwa ya kupendekezana, mbona watu wake walikuwa wasiri namna ile? Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1950, Coxsone Dodd, mwenye mitambo ya dansi za mitaani, alikwangua lebo za santuri alizozileta kutoka Marekani, na kibao cha Willis Jackson alikibatiza jina lake mwenyewe ili mshindani wake Duke Reid asijue pa kukitafuta. Kaskazini ya Uingereza, katika kumbi kama Wigan Casino iliyofunguliwa mwaka 1973, ma-DJ walibandika karatasi yenye jina la uongo juu ya lebo, na hivyo ndivyo “Do I Love You” ya Frank Wilson ilivyochezwa muda mrefu kwa jina la Eddie Foster. Lakini tazama nani alifichwa. Mchezaji alipewa wimbo mzima, kwa sauti kubwa, akautumia alivyotaka. Aliyenyimwa ni mshindani aliyetaka jina ili akaununue bila kuusaka. Uchoyo huo haupendezi, na uliwadhulumu wanamuziki waliopaswa kutajwa, ila unathibitisha kwamba kila mmoja alijua thamani ilikuwa wapi. Hakuna anayeficha kitu ambacho uwanja haujakihukumu kuwa kizuri.

Thamani hiyo ilipokatwa kutoka uwanjani, matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1978 redio ya WKTU ya New York iligeuka kuwa ya disko usiku na mchana, na ndani ya miezi michache ikazipita redio zote za jiji. Kampuni zikafungua idara za disko na kutoa santuri kwa wingi ambao hakuna ukumbi ungeweza kuzijaribu, nyingi zikiwa nyimbo za wasanii wa aina nyingine zilizovalishwa mdundo. Julai 1979 lundo la santuri za disko likalipuliwa mbele ya umati katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Chuki ya siku ile ilikuwa na mizizi mingine, ya rangi na ya namna watu wanavyopenda, na ni makosa kuieleza kwa ubora wa nyimbo peke yake. Hata hivyo anguko la mauzo lililofuata liliziangukia kampuni zilizoacha kuuliza swali lile la fomu. Garage, Warehouse na Loft ziliendelea kujaa.

Leo kazi ya kupendekeza imepewa programu zinazohesabu watu wamesikiliza nini na kukisia watakachotaka. Watetezi wake husema ndiyo uwanja mkubwa kuliko vyote, wenye mamilioni. Nadhani si uwanja hata kidogo. Zinahesabu masikio yaliyozibwa kwa spika ndogo, kila moja mahali pake, na hazina namna ya kujua kama aliyesikiliza aliinuka.

Kuna jambo moja ambalo hoja yangu hailitatui. Viwanja nilivyovitaja vilikuwa hasa vya Wamarekani weusi, Walatino na mashoga, na hukumu zao ziliwatajirisha watu ambao wengi wao wasingewakaribisha sebuleni. Uwanja ulitoa pendekezo, mwingine akalipwa. Afrika Mashariki tuna mfano wetu hai. Singeli ilipikwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, yaani dansi za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Mbagala na Tandale, na kompyuta za bei rahisi zilizokimbiza vipande vya taarabu hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso” kutoka studio ya Sisso, na baada yake wakafuata Bamba Pana, Jay Mitta na Duke. Wapenzi wa muziki wa Ulaya wakaanza kuambizana. Walichoambizana zaidi ni kasi, kwa sababu maneno ya MC hawakuyaelewa na waliocheza kwanza hawakuwahi kuwaona. Lebo ilifanya kazi halali na iliwatafutia wasanii majukwaa, sina ugomvi nayo. Lakini orodha iliyochapwa London au Berlin ilikuwa nakala ya nakala. Jedwali la Aletti la mwaka 1974 lingeandika pia jina la DJ na mtaa aliopigia, na anayetaka kuisoma singeli sawasawa bado hana budi kuanzia hapo: nani aliyekuwa kwenye mitambo, kigodoro kilikuwa cha nani, na ni wimbo gani uliorudishwa mara tatu kwa sababu kina dada walikataa kukaa.