Kijiko cha springi: historia fupi ya kifaa cha kunyooshea milango ya magari

Mlango wa gari lako umegongwa na bodaboda. Umebonyea pale katikati, chini ya kioo. Ukipeleka gereji hapa Dodoma, kwa kawaida utapewa njia tatu. Ya kwanza ni kununua mlango mwingine uliotumika. Ya pili ni kutoboa vitundu kwenye bati, kulivuta kwa nje kwa ndoano, kisha kujaza pati na kupiga rangi. Ya tatu ndiyo ya polepole zaidi: fundi anafungua kitambaa cha ndani cha mlango, anaingiza chuma kirefu kilichopindika kwa mbele, anatafuta kwa mikono sehemu iliyobonyea, na kuanza kuisukuma taratibu kutoka ndani huku nyundo ikigonga kwa nje.

Makala hii inahusu hicho chuma kirefu. Wanaoandika vitabu vya ufundi wa bodi kwa Kiingereza wanakiita kijiko, kwa sababu ya umbo lake. Mafundi niliokaa nao hapa mjini wanakiita springi tu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kabla hakijawa kifaa: kipande cha springi bapa ya lori. Mtu anaweza kukiona kama chuma chakavu. Lakini ukikifuatilia kinakueleza mambo mengi kuhusu sayansi ya chuma, na kuhusu jinsi ufundi wa uwanda wa kati ulivyoishi na magari yaliyotoka mbali.

Kwa nini mlango unahitaji kifaa chake

Bonati au buti ukiifungua unaona upande wa pili wa bati. Hapo fundi anashika fuawe dogo la mkononi kwa ndani, anapiga nyundo kwa nje, kazi inaisha. Mlango si hivyo. Mlango ni kama bahasha: kuna bati la nje na bati la ndani, na bati la nje limekunjwa pindo kuzunguka la ndani. Katikati yake kuna kioo, reli zake, mashine ya kupandishia kioo na kitasa. Nafasi inayobaki ni nyembamba sana, mkono ulioshika fuawe haupiti. Kijiko kinapita. Kikishaingia kinafanya kazi mbili: kinakuwa fuawe la kupokea pigo la nyundo, na kinakuwa wenzo wa kusukumia.

Umbo hili la mlango lina historia yake. Magari ya mwanzo yalijengwa kama mabehewa ya farasi, mabati yakipigiliwa juu ya fremu ya mbao. Mwaka 1914 kampuni ya Budd ya Philadelphia, Marekani, ilianza kuitengenezea Dodge bodi za chuma kitupu. Miaka kumi baadaye Citroën ikafuata njia hiyo kule Ufaransa. Bati lililoumbwa kwa mashine likachukua nafasi ya mbao, na seremala wa magari akampisha mnyoosha bati. Mwaka 1939 Mmarekani Frank T. Sargent akachapisha kitabu kidogo kuhusu kunyoosha bati kwa nyundo, fuawe na vijiko, na mafundi wanakisoma mpaka leo.

Wazo kubwa la mbinu hiyo ni rahisi, na unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, ubonyeze taratibu kwa kidole katikati. Unaingia ndani, ukiachia unarudi. Sasa ubonyeze kwa nguvu mpaka utokee mkunjo. Haurudi tena, lakini angalia vizuri: sehemu iliyopindika kweli ni mstari mwembamba wa mkunjo. Eneo lote lililobaki linataka kurudi, mkunjo ndio unaolizuia.

Mlango uliobonyea ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya bonde haijaharibika, imefungwa tu. Fundi anayejua kazi hapigi katikati ya bonde. Anaanza na mkunjo wa mwisho kutokea, anaulegeza, anarudi nyuma hatua kwa hatua, na mara nyingi bati linaruka lenyewe mahali pake. Asiyejua atapiga katikati, bati litatanuka, na bati lililotanuka halina pa kwenda: litavimba.

Kuna sababu nyingine ya kupiga kidogo. Chukua waya wa kufungia, upinde na kuunyoosha mara kadhaa mahali pamoja. Utaona unakuwa mgumu, halafu unakatika. Ndani ya chuma kuna kasoro ndogo za mpangilio wa atomi zinazotembea kila chuma kinapopindwa. Zikizidi zinabanana, chuma kinakazika. Kila pigo la nyundo linaongeza msongamano huo, kwa hiyo mapigo yana bajeti.

Wahunzi kabla ya gari

Nchi hii haikukifahamu chuma pamoja na gari. Kondoa, sehemu kama Haubi na Pahi, watafiti wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliyokatiza Ugogo ilibeba majembe ya chuma, na jembe lilikuwa zaidi ya kifaa cha kulimia. Lilibadilishwa kwa mifugo na kutumika kulipia hongo ya kupita. Jembe lililolika halikutupwa: mhunzi alilirudisha motoni likawa kisu au shoka.

Tabia hiyo ya kukiona chuma chakavu kama malighafi ndiyo ilikuja kukutana na magari. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukawa njiapanda: reli ya mashariki na magharibi ikikatana na barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Iringa. Lori lililoharibika hapa lilikuwa mbali na bandari na mbali zaidi na kiwanda kilicholitengeneza.

Kongwa, 1947

Kama unataka kuona kwa ukubwa wake tatizo la mashine za kigeni kwenye uwanda huu, nenda Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi wa karanga, uliokusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Mashine nyingi zilikuwa masalia ya jeshi, mengine yakitoka Ufilipino. Kulikuwa na hata matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman.

Ardhi haikukubali. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama tofali, na mchanga wake ulizila jembe na vyuma vya matrekta. Mashine zilikufa haraka kuliko vipuri vilivyoweza kufika. Ikabidi pawe na karakana kubwa, na vijana wa Kiafrika wakafundishwa udereva na ukarabati. Mapema mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36.

Kwenye vitabu Kongwa ni mfano wa mpango mbovu, na ni kweli. Kwa anayefuatilia ufundi kuna somo la pili: hapa mashine haikai kwa sababu imenunuliwa, inakaa kwa sababu yupo mtu wa kuitengeneza na kifaa cha kuitengenezea.

Wakati huohuo likaja gari ambalo lingetawala barabara zetu za vumbi kwa miongo. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haipati kutu kama chuma, ila inatanuka upesi chini ya nyundo, na ukiichoma haibadiliki rangi kukuonya kabla ya kuyeyuka. Mikono iliyozoea bati la chuma ilibidi ijifunze upya.

Kutoka lori hadi kijiko

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi iliishiwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, na kuagiza mlango mpya wa gari ilikuwa ndoto. Kilichobonyea kilinyooshwa. Seti ya vijiko kutoka Ulaya nayo ilikuwa ndoto ileile, ila springi za lori zilizokatika zilikuwepo, barabara zilihakikisha hilo.

Sasa kwa nini springi, na si nondo? Nondo ya kawaida ukiitumia kama wenzo inapinda na kubaki imepinda. Springi bapa imetengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya takribani asilimia 0.5 hadi 0.6, wakati bati la mlango kwa kawaida lina chini ya asilimia 0.1. Kaboni hiyo, pamoja na kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu, inaifanya springi ibebe tani za mzigo na kurudi mahali pake maelfu ya mara. Ndicho unachotaka kwenye kijiko: kiwe kigumu kuliko bati, kisukume bila kupinda.

Utengenezaji wake ni uhunzi wenyewe. Springi inakatwa, inawekwa kwenye moto wa mkaa wenye kupulizwa, inafuliwa ikiwa nyekundu mpaka ncha iwe nyembamba na yenye mbinuko mdogo. Ili kuirudishia ugumu inapashwa tena na kuzamishwa kwenye oili chafu. Inapashwa kiasi gani? Kuna njia ya sumaku: chuma kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inaacha kukivuta, kwa hiyo ukipita hapo kidogo umefika panapotakiwa. Baada ya kuzamishwa kinapashwa tena kwa moto mdogo ili kisiwe kikavu cha kuvunjika kama kioo. Mwisho uso wake unasuguliwa kwa msasa mpaka ung'ae, maana kila mkwaruzo wa kijiko utachapwa kwenye bati.

Pati na njia ya mkato

Kabla ya pati, mabonde yaliyobaki yalijazwa risasi iliyoyeyushwa, kazi yenye sumu. Miaka ya 1950 huko Marekani ikaingia pati ya resini, unachanganya na kigumuzi na ndani ya dakika chache imeganda. Ni kitu kizuri ikipakwa nyembamba juu ya bati lililonyooshwa. Shida ni pale inapochukua nafasi ya kunyoosha.

Bati na pati havitanuki kwa kiwango kimoja. Gari linaloshinda juani linapata joto mchana na kupoa usiku, na safu nene ya pati mwishowe inapasuka au kubanduka. Vile vitundu vya kuvutia vinaruhusu unyevu kuingia. Tusidanganyike na ukame wetu. Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, lakini vumbi letu huziba matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Maji yakituama pale kwenye pindo, kutu inakula kutoka ndani, nawe unaona rangi safi kwa nje.

Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa magari yaliyotumika kutoka Japani yalipojaa, milango ya mitumba ilipatikana na wateja wakazoea kazi ya haraka. Baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, magari mjini yameongezeka na haraka pia. Fundi wa kijiko anahitaji saa kadhaa kwa kazi ambayo pati inaificha kwa muda mfupi. Mteja akiuliza bei tu, kijiko kinashindwa.

Mahali ambapo kijiko kinakoma

Hapa nisieleweke vibaya, sisemi kila mlango unyooshwe. Marekani ilidai kwamba magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1973 yawe na milango inayostahimili kugongwa ubavuni, na boriti ya chuma ndani ya mlango ikawa jambo la kawaida duniani. Bati la kawaida la mlango hukatika kwa mvuto wa karibu megapaskali 300. Boriti za kisasa zinaweza kufika 1,000, hata 1,500. Nguvu hiyo imepatikana kwa mpangilio maalumu wa chembe za chuma, na moto wa gesi unaufuta. Boriti iliyopinda, ukaichoma na kuinyoosha, itaonekana imenyooka, ila haitakuwa imara tena. Hilo utaligundua siku ya ajali, na aliyekaa upande ule ndiye atakayelipa. Boriti ikipinda, mlango unabadilishwa.

Ujuzi wa kijiko umepita kwa miaka kutoka mkono hadi mkono, mwanafunzi akishika taa na kuangalia. Njia hiyo inafundisha vizuri sana namna ya kugonga. Haiwezi kufundisha kitu ambacho hata mwalimu hakukikuta, yaani chuma kipya kisichotaka kuguswa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi wa mtaani anapimwa na kupewa cheti. Sisi wa vyuo vikuu tungeweza kukutana nao hapo: tuandike wanachokijua kabla hakijapotea, nao wapate tunachokijua kuhusu vyuma vipya.

Wewe mwenye gari unaweza kuanza leo. Mwambie fundi unataka kuuona mlango kabla haujapakwa pati, kitambaa cha ndani kikiwa wazi, uione boriti kwa macho yako. Na ukienda kununua gari lililotumika, beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe kwenye milango yote. Kama bodi ni ya chuma na mahali fulani sumaku inateleza na kudondoka, hapo chini kuna pati nene, na kuna bati ambalo hakuna aliyelinyoosha.